Mtahini Alisimama

12 Januari

Kifaranga mdogo wangu,

Kaa chini kabla hujaendelea kusoma. Kama umeshakaa, simama kidogo halafu ukae vizuri zaidi. Nimepata! Kampuni Kubwa wamenichukua. Mimi, Mwewe, niliyeacha shule nikiwa bado nachonga penseli kwa meno, leo ni rubani wa madege yenye vyoo vingi kuliko mtaa mzima niliokulia. Bahati yangu si ya watu wawili. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi. Mkunga akaifungua aone nimekuja na nini, akakuta tupu, akasema, "Huyu bahati yake ameshaimeza."

Sasa sikia usaili ulivyokuwa. Chumba baridi kama friji ya nyama. Wasaili watatu: mmoja anatabasamu, mmoja anaandika, wa tatu ananitazama viatu tu. Wakaniuliza kwa nini waniajiri. Nikawaambia, "Kwa sababu mkinikosa mtajuta." Wakacheka mpaka meza ikatikisika. Nikawapa na hadithi ya kile kiwanja cha mlimani, siku ya mvua, nilivyokiona kimejaa tope nikaamua papo hapo kupaa tena, abiria wote salama. Yule wa viatu akainua uso kwa mara ya kwanza.

Halafu wakanipeleka kwenye simuleta, kile chumba kilichosimama juu ya miguu ya chuma, kinachotikisika ukadhani unaruka kweli. Wakanipa kijana wao akae kulia awe msaidizi wangu, kijana msafi kama sahani ya wageni. Wakaniwashia moto kwenye injini, wakaniongezea na ukungu. Mwewe nikafanya kila kitu mwenyewe, mkono huu hapa, mkono huu pale, yule kijana hakuhitajika hata kupumua. Na nilipokuwa naishusha ile ndege, mtahini aliyekaa nyuma yetu akasimama. Umesikia? Alisimama! Watahini hawamsimamii mtu, Kifaranga. Hata mama zao hawawasimamii.

Sasa unakumbuka siku ile namtupia Mkuu wa Marubani funguo za kabati, namwambia abaki na vindege vyake vya kupulizia mbu? Wewe ulinivuta shati ukaninong'oneza, "Kaka, usiache kazi kabla hujafanya usaili." Haya, nani alijua? Mwewe alijua.

Kiti changu cha kushoto sasa ni chako. Kampuni Ndogo hawamfanyi mtu kapteni mpaka kapteni mwingine aondoke, na mimi nimeondoka kwa ajili yako pia, usisahau hilo ukiwa mkubwa. Kile kiti kinakwama, kipige teke upande wa mlango.

Simu nimeiweka kando, huku hawapendi rubani wa simu simu. Ukitaka kuniandikia, mpe barua rubani yeyote wa kwenu anayeruka kuja huku, aiache kwenye dirisha la ofisi ya Mlango wa Mizigo, juu yake aandike Mwewe tu. Itanifikia. Barua za marubani wakubwa hupita huko kwa ajili ya usalama.

Wifi yako anakusalimu. Tangu apate habari hatembei, anaelea.

Ni mimi kaka yako,
Mwewe, mla mawingu


30 Januari

Shikamoo Kaka Mwewe,

Nililia ndani ya hanga. Fundi Spana akatoka chini ya ndege mbio akidhani nimeangukiwa na kitu. Nikamsomea barua yako kwa sauti, naye akasema, "Yule mdomo wake umempeleka mbali kuliko injini." Alifurahi lakini. Wote tumefurahi, isipokuwa Mkuu, ambaye kikombe chako cha chai sasa anawekea brashi za rangi.

Aliniita ofisini. Hakunipa kiti. Akasema, "Nafasi ya yule mpiga kelele iko wazi. Mafunzo ya ukapteni unaanza wiki ijayo. Usinifanye nijute." Nikatoka pale mbio kwenda kumwambia Fundi Spana. Kaka, hicho kiti nimekitazama kutoka upande wa kulia mpaka naujua kila mkwaruzo wa ngozi yake.

Kuhusu kile kiwanja cha mlimani, naamini uliwasimulia vizuri. Mimi nikipita pale bado mkono wangu wa kushoto unakumbuka. Lakini hayo yamepita na tulitoka wazima, ndilo la maana.

Mama yangu ananiuliza kila jioni, "Na wewe zamu yako lini?" Namwambia nikishapata saa za kutosha za ukapteni, ndipo Kampuni Kubwa watanitazama. Ila nina wasiwasi. Ndege yetu moja imeshauzwa, wanunuzi wamekuja kuichukua na mkia wenyewe bado una rangi mbichi. Na inasemekana Kampuni Kubwa wakishapata marubani wa madege yao mapya watafunga mlango, na wakifunga wanafunga kwa miaka. Mtu atakayebaki huku atabaki na hanga tupu na Mkuu.

Niandikie kuhusu hayo madege. Usiache kitu.

Mdogo wako,
Kifaranga


22 Februari

Kifaranga,

Marahaba, na hongera ya kiti. Sasa unaanza kujua utamu wa kulaumiwa.

Umeomba madege, chukua madege. Kwanza ni marefu mno. Ukisimama puani ukitazama mkiani, mtu aliye kule ni mdogo kama njiti ya kiberiti. Tairi la mbele peke yake linanifika kifuani. Halafu, jambo ambalo ninyi wa vindege hamlijui: dude hili haliwezi kurudi nyuma lenyewe. Linakaa limeelekeza pua ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa, mpaka lisukumwe. Makapteni wenye mistari minne begani wanakaa kimya kule juu wakingoja ruhusa ya mtu wa chini. Hapo ndipo utajua ukubwa una mipaka.

Adabu ya hawa makapteni ni ya ajabu. Kila siku nawasikia sikioni: "Breki zimeachiwa. Asante sana. Kazi njema." Wanakwambia kazi njema, Kifaranga! Mkuu wetu aliwahi kukutakia nini zaidi ya kukutakia uondoke mbele yake?

Kazi inaanza alfajiri. Baridi inapita kwenye buti. Lakini jua likichomoza likapiga ule ubavu mweupe wa ndege, mtu mzima unasimama mdomo wazi na mkate mkononi. Wifi yako ananisema narudi nyumbani nanuka mafuta ya taa. Namwambia hiyo ndiyo harufu ya fedha, afunge macho avute.

Fanya saa zako. Usimjibu Mkuu. Mimi nilimjibu kwa niaba ya watu wote.

Mwewe wa anga za juu


4 Juni

Shikamoo Kaka,

Nimekuwa kapteni. Nimeandika sentensi hiyo nikaitazama muda mrefu kabla ya kuendelea. Abiria mmoja mzee alipanda, akaniona, akauliza, "Binti, rubani yuko wapi?" Nikamwambia, "Ameshapanda, amevaa sare yangu hii." Tulipotua akanishika mikono yote miwili.

Saa zimejaa sasa, maana zile za mafunzo nazo zimehesabiwa, na maombi nimeyapeleka Kampuni Kubwa. Imebaki kitu kimoja, na ndicho kinachonifanya nikuandikie. Wanamtaka rubani wao mmoja aseme kwa maandishi kwamba ananijua na yuko tayari kuruka nami. Mdhamini wa ndani, ndivyo wanavyomwita. Wasio na mdhamini nao huitwa, lakini huitwa mwisho, na mwisho mwaka huu huenda usifike.

Kaka, nani mwingine nimwombe? Wewe umekaa nami kiti kwa kiti. Unajua ninavyoshika usukani, unajua nikiogopa nakuwaje. Mistari miwili tu. Sihitaji unisifu, sema ukweli.

Ndege nyingine imeuzwa. Tumebaki na mbili, na moja inavuja.

Kifaranga


19 Juni

Kifaranga mpenzi wa kaka,

Kapteni! Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kama tumevamiwa. Hata hivyo hukunishangaza, mtu aliyefundishwa na Mwewe angekuwa nini, mpishi?

Kuhusu udhamini. Ingekuwa ni moyo tu, ningekudhamini mpaka ukoo wako wote, na Fundi Spana, na ile ndege inayovuja. Lakini huku kuna taratibu. Mtu mgeni hadhamini mtu. Lazima kwanza ukae, uzoeleke, ule nao, wakujue. Mimi bado, jinsi ya kusema, niko upande wa chini. Ukilazimisha wanakuona una haraka. Nivumilie.

Ila nitakupa kitu kizuri kuliko udhamini, nitakupa siri za chumba kile. Moja, viatu, ving'ae. Mbili, usiwe mnyonge, wajue kapteni ameingia. Na kubwa kuliko zote: watakuuliza kama umewahi kupingana na kapteni wako angani. Huo ni mtego. Sema hapana, sijawahi. Hawa watu hawapendi wagomvi. Sema kapteni wangu aliamua, nami nikatii. Basi. Usije ukaleta habari za mlimani ukaniharibia jina huku, maana huku watu wanajuana.

Wifi yako anasema uje ule kuku. Asikudanganye, kuku mwenyewe bado tunamfikiria.

Mwewe


10 Julai

Kapteni,

Nimekuita hivyo kwa sababu sijui nikuite nini.

Leo nilimkuta dada mmoja wa kampuni ya jirani kwenye chumba cha kungojea hali ya hewa itulie. Anacheka peke yake kama amepata mchumba. Ameitwa usaili. Aliyemdhamini ni binamu yake, ambaye ameingia Kampuni Kubwa mwezi uliopita. Mwezi uliopita! Nikamwuliza, "Mtu mgeni anaruhusiwa?" Akanitazama kama mtu aliyetoka usingizini. "Mgeni, mwenyeji, ilimradi ni rubani wao."

Sasa nimeelewa. Umepanda darini ukavuta ngazi. Hatukuzaliwa tumbo moja, lakini miaka yote nilikuita kaka, si kwa mzaha. Ulipougua malaria kule kwenye kituo cha mwisho, nani alikaa macho akikukanda kwa kitambaa? Ulipolewa siku ya kumtupia Mkuu funguo, nani aliziokota na kumwomba radhi kwa niaba yako? Na mlimani. Nimenyamaza kuhusu mlimani mbele ya kila mtu. Ulinunulia hanga zima soda, ukasimulia ulivyoamua, nami nikanywa soda yangu.

Nilichokuomba ni mistari miwili.

Hata hivyo nimeitwa. Bila mdhamini, mwisho wa orodha, lakini nimeitwa, tarehe tisa Agosti. Wanasema ndilo kundi la mwisho. Nitakwenda mwenyewe. Mama amenishonea kola upya ili nisiingie pale na sare iliyochakaa.

Mimi,
Wa kiti cha kulia


21 Julai

Wewe binti,

Barua yako nimeisoma nimesimama, na nilipomaliza nilitamani kukaa pasipokuwa na kiti.

Ngazi gani? Mimi nivute ngazi? Mwewe, niliyemgawia sare yangu ya pili kijana wa mizigo aende kwenye posa akaaminika? Niliyelala sakafuni ili wewe upate kitanda kwenye nyumba ya wageni yenye kunguni? Umenikosea sana. Umenikosea mpaka wifi yako amenikuta nasema na ukuta.

Haya. Unataka udhamini? Chukua hiki ambacho hakuna binamu wa mtu anacho. Siku ukiingia chumba kile, wakikuuliza unamjua nani hapa, taja jina langu. Jina langu lote, la kwenye leseni. Liseme kwa sauti. Halafu tazama yule wa viatu atakavyokaa sawa. Wananijua vizuri sana. Mtahini alisimama, nilikwambia, au hukusoma?

Na ukishapata kazi, uje uniombe radhi hadharani, na kuku utanunua wewe.

Mwewe, asiyevuta ngazi


3 Agosti

Kifaranga,

Haraka, haraka. Ile barua yangu ya mwisho ichane. Usitaje jina langu mle ndani. Usilitaje kabisa, wala kwa sauti wala kwa kunong'ona. Wakikuuliza unamjua nani, sema humjui mtu. Na yale niliyokwambia kuhusu kupingana na kapteni nayo yaache. Waambie ya mlimani kama yalivyokuwa. Yote. Sema nani alifanya nini.

Usiniulize sababu sasa hivi. Nitakueleza ukishatoka. Nimempa barua hii rubani wenu anayeondoka leo, nikamshika kola nikamwapisha aikabidhi mkononi mwako. Anasema kuna mvua inakuja, lakini atajaribu.

Soma, ufanye hivyo. Nakuomba. Mimi sijui kuomba, unanijua.

Kaka yako


16 Agosti

Kaka,

Barua yako ya tarehe tatu nimeipata jana. Mvua ilivifunga viwanja vyetu vyote vidogo wiki nzima, na barua ilikuwa ndani ya mkoba wa rubani, mkoba ndani ya ndege, ndege kwenye kiwanja cha mbali imezama magurudumu matopeni. Mimi nilikuja huko kwa basi, nikafika na viatu mkononi.

Ngoja nikusimulie usaili, kama ulivyonisimulia wako.

Chumba kilikuwa na baridi kweli. Hilo hukudanganya. Wasaili walikuwa watatu, na mmoja kweli anatazama viatu. Wakaniuliza unamjua nani katika kampuni yetu. Nikakaa sawa, kola ya mama imenikaa shingoni, nikataja jina lako lote kama ulivyoniagiza. Kwa sauti.

Wakatazamana. Yule anayeandika akafungua kompyuta, akatafuta. Akasema, "Hatuna rubani mwenye jina hilo."

Nikacheka, Kaka! Nikasema, "Labda mmeliandika vibaya, tafuteni tena." Akatafuta tena. Hapana. Nikamwambia, "Samahani, ninyi mna watu wengi, hamwezi kuwajua wote, mimi nina barua zake." Niliwabishia. Niliwabishia wasaili ndani ya chumba chao kuhusu wafanyakazi wao wenyewe. Yule wa viatu akasema polepole, "Jina nalikumbuka." Mimi nikatabasamu, nikadhani nimeshinda.

Kisha likaja swali. "Tueleze siku ambayo hukukubaliana na kapteni wako." Nilikuwa na jibu, Kaka. Huenda hakuna mtu aliyewahi kuingia chumba kile na jibu kama langu. Mvua, tope, njia ya kurukia inang'aa kama sabuni, nimekwambia mara ya kwanza, "Kapteni, tupae," umesema, "Nyamaza." Nimekwambia mara ya pili, umesema, "Nyamaza, mtoto wewe." Nikauondoa mkono wako kwa mkono wangu wa kushoto, nikasukuma vishikio vya injini mpaka mwisho, ndege ikanyanyuka huku mama mmoja nyuma akipiga kelele za jina la mwanawe. Hilo ndilo jibu. Lilikuwa hapa kooni.

Lakini nilijua uko humo ndani ya jengo. Nilijua huku watu wanajuana. Nikasema sijawahi kupingana naye. Nikawaambia kuhusu mlimani kama unavyosimulia wewe, kwamba kapteni wangu aliamua kupaa. Yule wa viatu akauliza, "Na wewe ulifanya nini?" Nikasema, "Nilitii."

Yule anayeandika akaweka kalamu chini.

Majibu nilipewa kwenye korido, nimesimama, mtu akipita na ndoo ya kudekia. Walisema wanaweza kumfundisha mtu mambo mengi, isipokuwa mambo mawili: kusema kweli, na kufungua mdomo ndege inapokwenda kubaya. Kundi limejaa. Mlango umefungwa.

Walinipa nafasi kwenye ndege yao nirudi, kwa huruma nadhani. Nikakaa dirishani. Chini pale kulikuwa na mtu wa trekta, yule wa kusukuma ndege, kavaa kizibao cha kung'aa, hedifoni masikioni. Alipomaliza akajitenga pembeni akainua ile pini ya gurudumu la mbele, yenye utepe mwekundu, kapteni aione imetolewa, kama wanavyofanya. Halafu akapunga mkono. Akapunga, na akaendelea kupunga hata ndege ilipoanza kuondoka, mpaka mwenzake akamvuta. Nikasema moyoni, hata mtu wa trekta ana utu kuliko kaka yangu, ambaye yuko humu humu na hakuja hata kunisalimu.

Mama hajaniuliza kitu. Ameitoa ile kola, anaishona kwenye shati jingine.

Nina swali moja, na nataka jibu moja. Ulipata ile kazi au hukupata?

Kifaranga


29 Agosti

Mdogo wangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi, na kila mara mkono unataka kuanza na mzaha. Nimeuzuia.

Yule wa trekta ni mimi. Ofisi ya Mlango wa Mizigo ndiyo ofisi yetu sisi wa chini, watu wa mizigo, wa ngazi, wa trekta. Nilikuona ukipanda. Nilimwomba mwenzangu tubadilishane ndege ili niisukume yako. Nilikuwa nimeunganisha waya wa hedifoni puani mwa ndege, kapteni ananiambia, "Breki zimeachiwa," nami nikawa bado nalitafuta dirisha lako. Akarudia, "Wa chini, unanisikia?" Nikasema nakusikia. Nikakusukuma, taratibu, kama mtu anayesukuma kitanda cha mgonjwa. Madege makubwa nimeyaendesha kweli, Kifaranga, lakini kinyumenyume tu, na huwa yanaishia kwenye mstari mwekundu, mimi nageuka narudi.

Kurudi Kampuni Ndogo sikuweza, funguo nilishazitupa. Kwenye kampuni nyingine ndogo nilipiga hodi zote, na kila mlango mdomo wangu ulikuwa umefika kabla yangu. Mkuu alikuwa ameshapiga simu. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningepiga na filimbi.

Nilijiambia nakuficha kwa wema. Kwamba ungejua, ungekwenda kumrudishia Mkuu kile kiti ili nirudi mimi, maana nakujua, ungekwenda. Nimelisema hilo mpaka wifi yako akanitupia kile kizibao usoni akasema, "Hebu acha. Uliogopa kuchekwa." Naye ndiye anayekifua, anajua kinavyonuka.

Juzi nilikwenda kwa wale wasaili. Nilikwenda na kizibao changu, na buti. Walinzi walinizuia, nikangoja kwenye maegesho mpaka yule wa viatu akatoka. Akanitazama buti, halafu uso, akanikumbuka. Nikamwambia ya mlimani. Nikamwambia mkono uliosukuma si wangu, ni wako, na kwamba wangu, uliong'ang'ania kutua, ungetuzika wote. Nikamwambia hata lile "sijawahi" alilolisikia kwako lilitoka kwangu. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nakuamini. Lakini mimi siajiri kwa ushahidi wa watu wa nje, naajiri kwa kile mtu anachosema mwenyewe mbele yangu. Mlango ukifunguliwa tena, aje aseme mwenyewe." Nikamwuliza utafunguliwa lini. Akaingia garini. Sina neno la kukufariji hapo, nimelitafuta sina.

Sasa jibu lako.

Kwenye ile simuleta moto uliwaka injini ya kushoto. Nami kwa haraka zangu, nisimwulize mtu, nikazima ya kulia. Yule kijana msafi akasema, "Kapteni, umezima iliyo nzima." Nikamwambia, "Nyamaza." Akasema mara ya pili, vilevile, kwa adabu. Nikamwambia, "Nyamaza, mtoto wewe." Yeye hakuniondoa mkono. Haikuwa ndege ya kweli, kwa nini ahangaike? Alikunja mikono akaniacha niendelee. Ardhi ikaanza kupanda kwenye vioo, taa zote nyekundu, mimi natwanga vitufe, sina injini hata moja.

Mtahini alisimama, Kifaranga. Hilo tu ndilo la kweli katika barua ile. Alisimama, akapita nyuma ya kiti changu, akazima mashine.

Sikuajiriwa.